Mzee Anayeishi Peke Yake: Maswali Ninayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Baraza, Michezo na Afya ya Akili

Nimestaafu unesi, ninakaa Ngamiani, Tanga. Maswali haya mengine niliulizwa nikiwa bado kazini, mengine mlangoni kwangu, na mengi yananijia usiku kwa ujumbe wa sauti kutoka kwa watoto walio mbali na wazazi wao. Nimeyaacha karibu kama yalivyoulizwa.

Mzee akiishi peke yake, tayari ana tatizo?

Hapana. Tanzania mzee ni mtu wa miaka 60 na kuendelea. Ndivyo inavyosema Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003. Wapo wa umri huo wanaoishi peke yao na hawataki kuguswa: anapika anachotaka, analala anapotaka, redio yake hakuna wa kumbadilishia stesheni. Halafu yupo bibi anayeishi na wajukuu sita, na kutwa nzima hasemeshwi ila akiombwa hela ya daftari. Huyo wa pili ndiye aliye mpweke.

Kwa hiyo usihesabu vichwa vinavyolala ndani ya nyumba. Jiulize: mzee huyu asipoonekana leo, nani atauliza, na atauliza saa ngapi? Swali hili nitalirudia mpaka mlichoke.

Sisi ni watu wa ukoo. Imekuwaje wazee wakabaki peke yao?

Njia ni nyingi, na hapa Tanga iko moja ambayo vijana hawaijui. Wajerumani walileta mkonge mwaka 1893, na mashamba yakataka watu kuliko waliokuwepo. Wakachukuliwa manamba, yaani vibarua wa mkataba, kutoka Songea, Kigoma, Burundi, Rwanda, Msumbiji. Mkataba ukiisha wengine walirudi kwao, wengine walibaki. Baadaye nyuzi za plastiki zikaingia sokoni, bei ya mkonge ikaanguka, mashamba mengi yakafa. Watu wakabaki kwenye kambi zile zile, mbali na kila mtu wa damu yao. Nikiwa kazini nilimkuta mmoja, Mmakonde, chale zake bado zinasomeka usoni. Nikamuuliza Kimakonde anaongea na nani. Akacheka, akanionyesha mbuzi.

Wengine hadithi yao mnaijua: watoto wako Dar, Arusha au Maskati, mwenza amefariki, nyumba ya vyumba vitano inafagiliwa chumba kimoja. Na liko la marika. Mzee wa miaka 80 akikwambia "wenzangu wamekwisha", usidhani anapiga fumbo. Amehesabu.

Nitajuaje kama ni uzee tu au ni sonona, ule ugonjwa wa huzuni?

Ni nadra mzee wetu aseme "nina huzuni". Atasema mgongo unauma, mwili hauna nguvu, chakula hakina ladha, usingizi unakatika saa nane za usiku haurudi. Au atasema "nina mawazo", basi, anageukia mengine. Dalili hizo zikidumu wiki mbili au zaidi, na huku ameacha kitu alichokuwa akikipenda, usiniambie ni uzee. Uzee hauondoi hamu ya kahawa.

Tazama vitu vidogo. Kanzu iliyokuwa ikipigwa pasi kila Alhamisi usiku imening'inia na mikunjo yake. Kuku hawafunguliwi mpaka saa nne. Vidonge vya presha vimebaki vingi kuliko inavyopasa. Mtoto anayekuja mara moja kwa mwaka, sikukuu, hayaoni haya, kwa sababu siku ya sikukuu kila mzee hujikaza.

Apimwe hospitali kabla hujaanza kumtafutia michezo. Upungufu wa damu, tezi ya shingo na baadhi ya dawa huleta uchovu na unyonge unaofanana kabisa na sonona. Tena sonona kwa mzee inaweza kujifanya usahaulifu, na usahaulifu ukajifanya sonona. Anzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Kuna watu hawaendi kabisa kwa kuogopa majina ya hospitali za wagonjwa wa akili, Mirembe, Kidongo Chekundu au Mathari. Wagonjwa wengi wa sonona hutibiwa wakitokea nyumbani kwao.

Mama anasema "bora Mungu anichukue". Nishtuke?

Wengi hulisema kama dua. Lakini muulize waziwazi, kwa upole, kama anafikiria kujidhuru. Kumuuliza hakumtii wazo kichwani. Akikubali, au akinyamaza kwa namna inayokutisha, asilale peke yake siku hiyo. Ondoa sumu ya panya na dawa za kunyunyizia mazao, kisha mpelekeni hospitali. Hayo hayasubiri kikao cha ukoo.

Mchezo upi unamfaa zaidi mzee?

Watu wanategemea nitaje mmoja. Mimi natazama miadi iliyo nyuma ya mchezo.

Karibu na kwangu kuna mti wa mkungu, na chini yake bao. Alasiri, baada ya swala, wazee saba au wanane wanatokea mmoja mmoja, wengine na baiskeli wanazozikokota kwa sababu kuzipanda hawawezi tena, lakini mkono umezoea kushika usukani. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na sisi bado tunatumia komwe, zile mbegu ngumu, kuwa kete. Mkianza namua, yaani hatua ya kwanza ya kutia kete moja moja, kila mchezaji ana kete 10 ubaoni, sita kati yake zikiwa kwenye shimo liitwalo nyumba, na 22 mkononi. Mzee mmoja macho yake yamefunikwa na mtoto wa jicho. Haoni shimo. Anakunja kiganja, anazitikisa komwe karibu na sikio, anasema "tisa", na ni tisa. Anatia moja, anakula, kidole kinapita shimo kwa shimo bila kuruka, na watazamaji wanaanza kumchokoza: "Leo utalala wapi, mzee?" Naye anajibu kwamba kulala ni kwa wenye wake vijana.

Haya, hapo akili imehesabu, vidole vimefanya kazi, utani umepita. Lakini mwaka jana siku moja hakuja. Kabla ya magharibi wawili wakawa wamefika kwake, wakamkuta ameteleza bafuni, ameketi chini, hawezi kuinuka. Alikuwa pale tangu asubuhi. Angekuwa na televisheni peke yake ningekuwa naandika habari nyingine.

Basi pima mchezo wowote kwa kipimo hicho. Dhumna, drafti, karata, keram, vyote vyafaa kama kuna watu wanaokungoja. Unguja pale Jaws Corner, kijiwe cha kahawa cha Mji Mkongwe, na katika mabaraza ya Lamu na Mombasa ya Kale, mtu anaweza kukaa saa tatu kwa kikombe cha kahawa chungu asicheze hata mara moja, na akirudi nyumbani amejaa habari. Mwalimu Nyerere naye alijulikana kwa kupenda bao. Nalitaja hilo kwa ajili ya wale watoto wanaoniambia baba yao ni msomi, hawezi kukaa na watu wa barazani.

Hayo ni ya wanaume. Bibi yangu je?

Kweli, na huwa tunawasahau, kwa sababu baraza ya wanawake iko uani na mpita njia haioni. Tazama bibi anayesuka ukili, ule utepe wa kushonea mkeka. Miyaa, yale majani ya mkindu, imekwisha kaushwa, imechanwa, mingine imechovywa rangi. Anairashia maji ilainike, anaanza, na baada ya hapo hatazami tena. Macho yako kwako, mdomo unasimulia, vidole vinakwenda. Ukili unajikunja mapajani duara juu ya duara. Mkeka mmoja unataka ukili mrefu sana, kwa hiyo wanagawana: huyu asuke mweupe, yule wa rangi, mwingine ashone. Akichelewa mmoja, mkeka wote umesimama, na lazima watamfuata.

Yako mengine: kofia za kushona kwa mkono, darasa la wanawake, kwaya, jumuiya ndogondogo kwa Wakatoliki. Na upatu, hata wa elfu moja kwa wiki. Mwenzenu wa upatu hawezi kupotea siku tatu bila kutafutwa, hasa kama zamu yake imeshapita.

Watu wa Unguja watanikumbusha Bi Kidude, mwimbaji wa taarabu aliyepanda jukwaani mpaka uzeeni sana, akafariki Aprili 2013. Sisemi kila bibi apige ngoma. Ila nimewaona wengi waliokatazwa na watoto wao kwenda ngomani kwa sababu "mama, umekuwa mtu mzima sasa", na baada ya hapo wakaanza kuumwa magoti.

Nimemnunulia televisheni na king'amuzi. Haitoshi?

Haitoshi. Redio ni afadhali kidogo, maana ina salamu na matangazo ya vifo, na akisikia jina analolijua atatoka kwenda kumuuliza jirani.

Mimi niko Maskati. Nifanye nini kwa simu?

Piga saa ile ile, siku zile zile. Simu ya dakika tano kila Jumatatu na Alhamisi baada ya isha ni bora kuliko ya saa zima unayopiga unapokumbuka, kwa sababu mzee ataiogea na kuipangia maneno. Usimalizie kila simu kwa "umekula? umemeza dawa?" kama daktari wa zamu. Muulize kitu unachokihitaji kweli: samaki wa kupaka anawekwa ukwaju lini, babu yake na babu yenu walikosana kwa shamba gani, jina la yule jirani aliyehamia Pangani. Mwache akufundishe.

Kama anayo simu ya WhatsApp, ujumbe wa sauti unawafaa sana wale ambao kusoma ni shida. Wanausikiliza mara tatu, nne, na kuwasikilizisha wageni. Ila kaeni chini mumweleze habari ya matapeli. Ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" umeshakula akiba za wazee wengi, na aliyetapeliwa huona aibu, huizima simu kabisa, na upweke unarudi maradufu. Akitapeliwa usimfokee.

Pia uwe na namba ya jirani mmoja. Ukija likizo mletee naye kanga au sabuni, usimkumbuke siku ya tatizo tu.

Baba alikuwa mtu wa baraza, siku hizi anajifungia. Anasema watu wanamsengenya.

Mpime masikio. Asiyesikia vizuri anaona midomo inacheza, watu wanacheka, na anadhani kachekwa yeye. Anajibu swali ambalo hakuulizwa, wanacheka kweli, kesho haji. Wakati mwingine ni nta tu, inaondolewa zahanati. Kupungua kwa kusikia, kupungua kwa kuona na kutengwa na watu vyote vimo katika mambo 14 ambayo kamisheni ya jarida la Lancet iliyatoa 2024 kuwa yanachangia ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na yanaweza kushughulikiwa. Masikio, macho na baraza vinakwenda pamoja. Wenzake waambieni wakae mbele yake, waongee polepole, wasipige kelele.

Mama ametoka eda mwezi uliopita. Mbona sasa ndiyo amezidi kunyong'onyea?

Hili naliona kila mwaka. Msiba una watu. Siku tatu za mwanzo nyumba haina pa kukanyaga, hitima inasomwa, arobaini inakuja, na ile miezi minne na siku kumi ya eda watu wana sababu ya kupita kumjulia hali. Siku anayotoka eda, kila mmoja anaona kazi imekwisha. Yeye ndiyo kwanza anaisikia nyumba ilivyo kimya. Kwa wasio Waislamu ni vivyo hivyo baada ya kuondoa matanga.

Panga mapema. Kabla eda haijaisha, mtafute mwanamke wa rika lake aliyepitia hayo, awe ndiye wa kumtoa mara ya kwanza: sokoni, darasani, kwenye shughuli. Asiende na binti yake. Akiwa na binti atakuwa mgonjwa anayesindikizwa. Akiwa na mwenzake atakuwa mtu anayekwenda shughulini. Na msiharakishe kugawa vitu vya marehemu bila kumuuliza. Kuna bibi alirudi kutoka kwa dada yake akakuta kiti cha mumewe kimeshachukuliwa. Mpaka leo hajawasamehe.

Si bora nimchukue nije naye Dar?

Pengine. Kama ni mgonjwa, anaanguka, hawezi kupika, mchukue. Lakini nimewaona wazee waliochukuliwa kwa mapenzi wakafungiwa ghorofani au ndani ya geti Mbezi, wote wanatoka alfajiri wanarudi usiku, na yeye anabaki na dada wa kazi anayeangalia simu. Huku alikuwa peke yake nyumbani lakini anaamkiwa shikamoo ishirini akienda dukani. Kule ana familia na hakuna hata mmoja anayemjua jina mtaani.

Mchukue kwanza kwa mwezi mmoja, nyumba yake isipangishwe. Akifika, mpeleke msikitini au kanisani wiki hiyo hiyo, umtambulishe kwa mangi wa dukani, umtafutie wazee wenzake. Akiomba kurudi, mrudishe bila kununa.

Hana hela. Haya yote si ya wenye nazo?

Bao halina kiingilio, lakini kahawa inalipiwa, na mzee asiye na ya kulipa zamu yake huacha kuja. Aibu ya shilingi mia mbili inafunga watu ndani kuliko ugonjwa. Ndiyo maana posho ndogo ina kazi kubwa. Zanzibar ilianza Pensheni Jamii 2016 kwa waliotimiza miaka 70, ikianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Kenya kuna Inua Jamii kwa wa umri huo huo, shilingi 2,000 za huko. Siku ya malipo, wazee wanavaa, wanakutana foleni, wanasemezana nani amefariki na nani ameoa. Mahali ambapo malipo yamehamia kwenye simu foleni imepungua, na ni jambo jema, ila na ile safari imekufa. Tanzania Bara, mzee asiye na uwezo ana haki ya matibabu bila malipo. Fuatilia kitambulisho chake kwa serikali ya mtaa na uulize dirisha la wazee hospitalini.

Wewe mtoto, katika hela unayotuma, sema hii ni ya kahawa. Itamke hivyo hivyo. Usipoitamka itakwenda kwenye unga.

Mtaani wanamnong'ona kuwa ni mchawi. Nimtafutie kikundi?

Hapo usianze na vikundi. Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma hizo, na mara nyingi ukichimba unakuta shamba linagombewa. Kanda ya ziwa bibi amesingiziwa kwa macho mekundu yaliyotokana na moshi wa jikoni kwake. Upweke wa namna hii una hofu ndani yake, na una sababu. Toa taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa au chifu, ustawi wa jamii na polisi, na kama kuna vitisho aondoke kwanza. Akishakuwa salama ndipo tuzungumze mengine.

Mazoezi je?

Shirika la Afya Duniani linashauri walau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, na kwa waliopita 65, mazoezi ya nguvu na ya kutokuyumba siku tatu au zaidi. Anayekwenda msikitini kwa miguu na kurudi mara kadhaa kwa siku anakaribia bila kujua. Asiyetembea sana asimame na kuketi kitini mara kumi asubuhi, akishika ukuta.

Ana miaka 75. Anaweza kujifunza kitu kipya kweli?

Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza Eldoret, Kenya, mwaka 2004, ana miaka 84, kavaa kaptula na soksi za shule. Wa 75 anaweza kujifunza keram.

Mimi ndiye mzee mwenyewe. Sitaki kuwa mzigo wa kutembelewa.

Shikamoo. Swali lako nimelipenda, kwa sababu lina kiburi kizuri ndani yake. Basi usingoje kutembelewa, tembelea. Harare, Zimbabwe, mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda alikuwa na wagonjwa wengi na hana wahudumu. Alipewa bibi 14. Akawafundisha kusikiliza na kumsaidia mtu kutatua shida moja baada ya nyingine, wakakaa kwenye mabenchi nje ya zahanati. Wagonjwa walisema wana *kufungisisa*, Kishona hicho, yaani kuwaza mno, kama sisi tunavyosema mtu ana mawazo. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba walioketi na bibi hao walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umeshafika mpaka Zanzibar.

Benchi unalo, ni baraza yako. Mtaani kwako yupo mama aliyejifungua juzi hana wa kumwonyesha kumwogesha mtoto. Yupo kijana bodaboda anayetaka kuoa na hajui pa kuanzia. Kaa nje saa kumi, kila siku, kiti kile kile.

Swali dogo: kuku wanahesabika kama burudani?

Wanahesabika. Jirani yangu mmoja ana kuku tisa, kila mmoja na jina, na mawili kati ya hayo ni ya mawifi zake. Jioni anawaita kwa kugonga sahani, anawahesabu kwa sauti, na akikosekana mmoja watoto wa uchochoro mzima wanatumwa kutafuta. Kila Jumamosi mtoto wa nyumba ya tatu huja kuchukua mayai mawili. Wiki iliyopita yule mtoto aliumwa hakuja, na saa tatu asubuhi nikamwona bibi anapita mbele ya mlango wangu, fimbo mkono mmoja, mayai mkono wa pili, anakwenda kumuulizia.